Noeli ya Majuma Sita: Shajara ya Shirika Letu, Katuba

Katikati ya Novemba 2025

Mwaka huu shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wetu wa Katuba, Lubumbashi, limekubaliana kuishi Noeli kama kipindi kizima, tangu Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungoja Noeli, tarehe 30 Novemba, hadi Ubatizo wa Bwana, tarehe 11 Januari. Mimi mwandishi wa shirika nimeombwa niandike hatua kwa hatua, ili mashirika mengine ya Lubumbashi yakitaka kushika njia hii yajue sisi tulipita wapi.

Jambo lenyewe lilianzishwa na mama mmoja baada ya sala ya Jumatano. Alisema mbele ya watu wote kwamba tarehe 25 Desemba anaiogopa kuliko siku ya kulipa kodi ya nyumba. Watoto wa jirani wanatoka na nguo mpya, harufu ya kuku inafika hadi barabarani, na kama mume hajalipwa, unafunga mlango wa lupango (ua wa nyumba) na kuwaambia watoto walale mapema. Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wanaume wazima, akaongeza kwamba Noeli iliyopita alitoka nyumbani asubuhi, akatembea kwa miguu hadi mjini na kurudi, bila shughuli yoyote, ili watoto wasipate nafasi ya kumwuliza. Tulikaa kimya. Wengi wetu tulijua anachosema.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza: Kanisa limetupa kipindi, nani alituambia tukibanie ndani ya siku moja?

Mabishano yalikuwa marefu, na nayafurahia, kwa sababu jambo lisilobishaniwa halidumu. Wengine walisema: kama siku moja inatumaliza, siku nyingi si zitatuzika? Mama Mkubwa wa shirika, ambaye amezeesha masikio yake kwa hesabu za soko, aliwajibu kwamba kinachotumaliza ni kutaka kila kitu siku ileile ambayo mji wote unakitaka. Kuku wa Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anapanda bei juma moja kabla ya Noeli kwa sababu sote tunamfuata pamoja. Kutoka 25 Desemba hadi Epifania, sikukuu ya Mamajusi, ziko siku za kutosha: nyumba hii itapika leo, ile itapika kesho kutwa, kila moja kwa wakati wake. Akina mama wa likelemba, kikundi cha kuchanga pesa na kuzipokea kwa zamu, wakaamua palepale kupanga upya zamu, ili baadhi ya nyumba zipokee pesa zao baada ya tarehe 25, na karamu yao ifuate hapo.

Tuliyokubaliana ni machache. Hakuna mchango wa lazima. Hakuna mtu atakayehesabiwa kwa nguo. Na nyimbo za Noeli hatuzigusi kwenye sala kabla ya usiku wa tarehe 24. Hili la mwisho liliwauma vijana wa kwaya, ambao wanafanya mazoezi tangu Oktoba. Tukawaambia mazoezi waendelee nayo. Kwenye sala tu ndipo tutangoja.

Juma la mwisho la Novemba

Taji la Majilio limekamilika. Jirani yetu anayerudisha nyaya kwenye mota zilizoungua alitupa waya wa shaba wa zamani, tukausokota ukawa duara nene. Shaba ni mali ya mji huu, imelisha babu zetu na kuwaua pia, na niliona ni haki iwe ndani ya taji. Juu yake tulifunga matawi ya msipresi. Tulijaribu majani ya mwembe kwanza, maana miembe ndiyo imejaa kila lupango na mwezi huu maembe yenyewe yanaanza kuiva, lakini majani yake yalikauka kwa siku mbili.

Mishumaa ya zambarau haipatikani sokoni. Tulinunua minne myeupe, ile ya kawaida, na fundi wa nguo akatupa vipande vya liputa (kitenge): vitatu vya zambarau, kimoja cha waridi. Tumevifunga chini ya kila mshumaa. Inatosha.

Papa mmoja Mmetodisti, jirani yetu, alipoona taji alifurahi na kusema kwao pia linawashwa. Nilimweleza kwamba kwa kweli limetoka upande wao wa Waprotestanti: mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alilitundika mwaka 1839 kule Hamburg, Ujerumani, kwenye nyumba aliyokuwa akilea watoto maskini, kwa sababu watoto walikuwa wakimwuliza kila siku Noeli imebaki siku ngapi. Taji lake lilikuwa kubwa: mishumaa mikubwa minne ya Dominika, na midogo ya siku za kazi. Wakatoliki waliliiga baadaye. Yule papa sasa anakuja kwenye sala zetu za Jumatano, na wetu wawili wameahidi kwenda kwake.

Watoto wanafinyanga sanamu za pango la Noeli kwa udongo wa kichuguu. Mtu asiyejua Katanga hawezi kuelewa vichuguu vyetu: ni vilima, vingine vinapita paa la nyumba, na udongo wake ndio tunaofyatulia matofali. Unashika vizuri mkononi. Wametengeneza Maria, Yosefu, punda, wachungaji, ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mwili, Mamajusi na ngamia mmoja. Mtoto Yezu amefinyangwa na binti mdogo kuliko wote, na amefungwa ndani ya kitambaa. Hakuna atakayemwona hadi tarehe 24. Sanamu zote zilikaushwa kivulini, kisha zikachomwa polepole juu ya makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mchungaji mmoja alipasuka. Wengine wako salama.

30 Novemba, Dominika ya kwanza ya Majilio

Mshumaa wa kwanza. Tulisali jioni, tukazima taa makusudi. Mtoto wa jirani aliingia mbio akauliza kama umeme umekatika. Kwetu mshumaa una kazi moja inayojulikana, na nadhani ndiyo sababu watoto walishangaa hivyo kuona umewashwa huku balbu inaweza kuwaka. Swali lake lilitupa mafundisho yote ya jioni ile: tunawasha kwa sababu tunamngoja mtu.

Injili ya leo ni ya Matayo, maana mwaka A wa masomo ya misa umeanza: kesheni, kama siku za Noa. Kwenye misa Utukufu hauimbwi. Padri amevaa zambarau. Mzee mmoja aliniambia kwamba miaka yote ameona rangi ile na hajawahi kufikiri kwamba inamhusu yeye nyumbani kwake.

1 hadi 6 Desemba

Mungu ametupa mwanamke wa kwetu mlangoni kabisa mwa Majilio. Mwenye heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akiwa mtawa kijana wa shirika la Jamaa Takatifu, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Ni miaka arobaini mwaka huu. Wasichana wa shirika ndio walioongoza sala ya Jumatatu. Mmoja alisema Anuarite alingoja Bwana wake huku amezungukwa na watu wenye silaha. Sisi tunangoja tukiwa tumezungukwa na kelele za matangazo ya duka. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Tarehe 6, Mtakatifu Nikolasi. Desturi hii ilikuja na Wabelgiji na shule nyingine bado zinaishika. Sisi tuliwapa watoto maembe na hadithi ya askofu wa Mira. Basi.

Juma la pili la Majilio

Mvua. Imenyesha karibu kila mchana, barabara za Katuba zimekuwa mito, na Yosefu na Maria wanasafiri ndani ya mvua hiyo.

Nieleze. Tangu Dominika ya kwanza, sanamu za Yosefu, Maria na punda hazikai penye pango. Zinahama nyumba hadi nyumba. Kila jioni familia iliyozipokea inazipeleka kwa inayofuata, inabisha hodi, inaomba nafasi, na wale wa ndani wanafungua. Kuna nchi zenye desturi ya namna hii. Mexico wanaifanya jioni tisa, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Sisi shirika kazi yetu tangu zamani ni kuzunguka nyumba za watu, kwa hiyo haikuwa kitu cha kujifunza upya. Jipya ni kwamba sasa hata nyumba ambayo haijawahi kupokea sala kwa kuona aibu ya viti vyake imepokea. Punda wa udongo hahitaji kiti.

Juu ya mvua nina neno. Vitabu na nyimbo nyingi zimetufundisha Noeli ya baridi, giza na theluji. Zinasema ukweli wa kwao. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Desemba ndio mwezi wa siku ndefu, na jua linapita karibu kabisa juu ya vichwa. Kama tutangoja giza la baridi ili tuelewe Majilio, hatutaelewa kamwe. Lakini sala moja ya zamani ya Majilio haitaji theluji. Imetoka kwa nabii Isaya, sura ya 45, aya ya 8: mbingu zidondoshe kutoka juu, mawingu yamwage haki, nchi ifunguke na wokovu uchipuke. Nani anaielewa sala hiyo kuliko mtu wa Katanga? Kuanzia Mei hadi Oktoba karibu hatuoni mvua, vumbi jekundu linakaa hadi kwenye sahani. Kisha Novemba inafika, watu wanatoka na majembe, mahindi yanaingia ardhini, na ndani ya majuma haya haya ya Majilio yanatokeza kichwa. Tulisoma aya ile barazani kwa mama mmoja, mvua ikipiga mabati hadi msomaji akalazimika kupaza sauti. Mahindi yake yalikuwa mbele yetu, marefu kama kidole.

Tangu jioni hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tunaanza mwezi mzima kabla.

14 Desemba

Dominika ya furaha, mshumaa wa waridi. Akina mama walitengeneza munkoyo, mizizi iliyopondwa kwenye uji wa mahindi, na watoto walikunywa hadi chungu kikabaki kitupu. Tulifurahi tu, na sikupata la kuandika zaidi.

17 hadi 23 Desemba

Kanisa lina miito saba ya jioni saba za mwisho: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Jua linalochomoza, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Ni ya kale sana, na watu wengi huisikia tu ikiwa wamewahi kusali Masifu ya jioni na watawa. Tuliigawa, jioni moja nyumba moja, na kila nyumba iliambiwa iweke mezani kitu kinachokumbusha wito wake.

Jioni ya Ufunguo ilikuwa kwa mlinzi wa usiku. Aliweka mezani mafungu ya funguo za lango la tajiri wake, akasema: mimi nafungulia watu kila siku, na nyumbani kwangu hakuna anayebisha hodi. Usiku ule tulibisha sote. Alilazimika kuomba ruhusa ya saa moja, na aliipata.

Jioni ya Jua, watoto waliamua wenyewe kuamka mapema na kulitazama likitoka na kuangaza bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Mawingu yalilifunika. Walisali hivyo hivyo.

Haya yote yakiendelea, mji ulikuwa umeshaanza Noeli yake. Spika za maduka zinaimba tangu Desemba mosi, shule zimefunga, masoko hayapitiki. Vijana wa kwaya walikaza moyo wakashika ahadi yao, na nataka waheshimiwe kwa hilo. Kunyamaza mwezi mzima ukiwa na wimbo mzuri mdomoni ni kazi ya kiroho, hata kama hakuna anayekupigia makofi.

24 na 25 Desemba

Yosefu na Maria wamefika. Nyumba ya mwisho iliwaleta hadi kwenye pango la matofali, na baada ya misa ya usiku binti mdogo alifungua kitambaa na kumlaza Mtoto. Kwaya ikaimba. Sitaweza kuandika jinsi ilivyoimba.

Siku yenyewe ilikuwa tulivu. Wenye kuku walikula kuku, wenye sombe (majani ya muhogo) walikula sombe, bukari (ugali) ilikuwa kila mahali. Yule papa aliyetembea hadi mjini mwaka jana alikaa nyumbani kwake. Karamu yake iko kwenye ratiba tarehe 3 Januari, watoto wake wanajua, na mtoto anayejua tarehe ya karamu hana haja ya kulia leo.

26 Desemba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ningependa mashirika yatakayotufuata yasome sehemu hii kuliko zote. Kungoja kabla ya Noeli ni rahisi, kwa sababu mji wote unaelekea upande huohuo. Ugumu unaanza asubuhi ya tarehe 26. Spika zimenyamaza. Watu wanafagia. Muuza duka kwenye barabara yetu alikuwa ameshashusha mapambo, na nilipompa heri ya Noeli aliniambia, “Mama, Noeli ilishaisha.” Nikamjibu, “Hapana, papa, bado iko.” Aliniangalia kwa huruma.

Hata ndani ya shirika, waliofika kwenye sala walikuwa wachache. Mmoja aliuliza kama siku hizi kumi na mbili si jambo la kubuni. Nilimjibu kwa historia: mwaka 567, maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, waliandika kwamba siku zote kati ya Noeli na Epifania ni sikukuu. Kwa karne nyingi wakulima wa Ulaya walipumzika siku hizo. Kukaza kila kitu ndani ya tarehe 25 ni desturi changa kuliko Kanisa.

Tena siku zenyewe si siku tupu. Leo ni Stefano, shahidi wa kwanza, na padri ametoka kwenye nyeupe ya jana na kuvaa nyekundu. Kesho ni Yohane mtume. Kanisa limeweka damu karibu kabisa na hori, na sisi Wakongo tunaelewa kwa nini.

Mchana tulikwenda Hospitali Sendwe kwa wagonjwa wa mtaa wetu. Tulipeleka uji, matunda, na sanamu ya mchungaji mmoja. Mama aliyejifungua usiku wa tarehe 24 alituambia hakujua hata kwamba Noeli imepita. Tukamwambia haijapita. Alilia, akacheka, akaomba tumwimbie tena wimbo ule wa usiku. Wauguzi waliokuwa zamu tarehe 25 walisimama mlangoni wakaimba nasi. Kwa hao, siku ya pili ndiyo ilikuwa Noeli, na kama tungekuwa tumeshaifunga, tungekuwa tumewafungia nje.

27 na 29 Desemba

Jumamosi, Mtakatifu Yohane, Leopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, walicheza na Senegal kwenye Kombe la Afrika kule Moroko. Sala tuliisogeza mbele ya mechi. Sioni ubaya: tulikuwa wengi kuliko tarehe 26, na tulitazama pamoja, wenye televisheni na wasio nayo, kwenye lupango moja.

Jumatatu alirudi dereva. Mume wa mama mmoja wa shirika anaendesha lori la kubeba shaba, na Noeli ilimkuta kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, analala chini ya usukani. Nyumba za madereva zinajua hali hii. Nyumba za wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi pia, maana zamu haiulizi tarehe. Miaka mingine anarudi na kuambiwa alivyokosa. Safari hii alifika akakuta mkewe hajapika kitu cha sikukuu: alikuwa anamngoja. Karamu yao ilikuwa usiku huo, na shirika zima lilikwenda. Dereva alisema mezani kwamba tangu aanze kazi ya lori, ni Noeli ya kwanza kula pamoja na watoto wake. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa Mamajusi, ambao tangu tarehe 25 nao wako njiani nyumba hadi nyumba, watalala kwanza kwenye nyumba za madereva.

28 Desemba, Familia Takatifu

Nimerudi nyuma siku moja kwa sababu siku hii ilihitaji nafasi yake.

Kwa kawaida tarehe 28 ni ya Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode. Mwaka huu imeangukia Dominika, kwa hiyo Familia Takatifu imechukua nafasi, lakini Injili ya mwaka A ni ileile hadithi upande wa pili: Yosefu anaamshwa usiku, anachukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Ni siku hiyo pia ambayo majimbo ya Kanisa duniani yalifunga Mwaka Mtakatifu wa Jubilei 2025. Baadhi yetu tulikwenda Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, wengine walibaki parokiani.

Jioni sala ilikuwa kwa familia iliyotoka Bukavu mwaka huu kwa sababu ya vita. Wanaishi chumba kimoja kwa ndugu yao. Mama wa nyumba, ambaye kwa kawaida hazungumzi, aliomba asome yeye Injili. Alipofika mahali Yosefu anapoondoka usiku alisimama, akasema sisi tulitoka saa kumi alfajiri, nilibeba sufuria na cheti cha ubatizo cha watoto, sijui kwa nini nilibeba sufuria. Kisha akaendelea kusoma hadi mwisho. Hakuna aliyeongeza mafundisho. Mama Mkubwa aliinuka, akatoka, akarudi na sombe, samaki na unga. Kumbe wenzake walikuwa wameshapanga karamu ya nyumba hii bila kuniambia mimi mwandishi.

Nasema kwa moyo wangu wote: kama Noeli yetu ingekuwa tarehe 25 peke yake, Injili hii tungeisikia kanisani na kurudi nyumbani. Hori tunalipenda sote. Safari ya kwenda Misri inahitaji siku yake, na kipindi ndicho kinachoipa.

1 Januari

Bonane, ndivyo tunavyouita Mwaka Mpya. Watoto wamezunguka mtaa mzima kuomba zawadi yao ya bonane. Kanisa linamheshimu Maria Mama wa Mungu na, tangu 1968, linaombea amani ya dunia siku hii. Tuliwaombea Kivu na Ituri.

4 Januari, Epifania

Mamajusi wamefika, wakiwa na ngamia aliyevunjika mguu njiani na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Karamu ya jana kwa yule papa ilikuwa ya maharagwe, kuku wawili na watu wengi. Kuku aliwanunua tarehe 2, kwa bei aliyosema angeikataa kuamini juma lililotangulia. Watoto walivaa nguo walizokuwa nazo.

Kwa taifa leo ni siku ya Mashahidi wa Uhuru, ya watu waliouawa Léopoldville (Kinshasa ya leo) tarehe 4 Januari 1959. Padri aliwataja kwenye maombi, na alipokuja kwenye Injili alikaa juu ya Herode: mfalme anayeogopa mtoto. Kisha Mamajusi wanarudi kwao kwa njia nyingine. Dereva wetu aliitikia kwa sauti kanisani, watu wakageuka.

Baada ya misa tulibariki nyumba. Mwalimu mmoja alileta chaki, na juu ya kila mlango tuliandika 20+C+M+B+26: mwaka, na herufi za sala ya Kilatini inayoomba Kristu aibariki nyumba hii, ambazo watu huzisoma pia kama majina ya Mamajusi, Kaspari, Melkiori na Baltazari. Tulianza na mlango wa chumba kimoja cha familia ya Bukavu. Mwenye nyumba zao, ambaye si Mkatoliki, aliomba aandikiwe na yeye. Muuza duka aliyeniambia Noeli imeisha alituita pia. Duka lake lina chaki mlangoni sasa.

11 Januari, Ubatizo wa Bwana

Kipindi kimefika mwisho wake kwa hesabu ya Kanisa. Tumefanya kikao cha tathmini baada ya misa.

Pesa: sanduku la shirika halikutumika ila kwa mishumaa na uji wa hospitali. Chakula chote kilitoka kwenye nyumba zenyewe na likelemba. Akina mama wanataka mpangilio ule wa zamu uwe wa kudumu. Vijana wa kwaya wanaomba mwakani nyimbo za Majilio ziwe nyingi zaidi, maana walikuwa nazo chache na walizirudia mno. Mmoja ameshaanza kutunga moja juu ya mvua na aya ile ya Isaya. Wazee wanaomba sala za jioni saba zianze mapema, kabla giza halijaingia, kwa sababu ya barabara. Hilo limekubaliwa bila ubishi.

Ubishi ulikuwa juu ya tarehe 26. Wengine wanasema mwakani tuiache ipite ili watu wapumzike. Mimi pamoja na mlinzi wa usiku na yule mke wa dereva tumekataa, na tumepewa jukumu la kuitayarisha sisi. Tutaanza na wauguzi: tutawauliza mwezi wa kumi na moja nani atakuwa zamu.

Pango tutalibomoa tarehe 3 Februari. Siku moja kabla, Jumatatu tarehe 2, siku ya arobaini tangu Noeli, ni sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni. Simeoni na Ana, wazee wawili, ndio wanaompokea Mtoto. Mishumaa itabarikiwa jioni parokiani, na vijana wameandikwa majina, kila mmoja na mzee atakayempelekea mshumaa wake nyumbani. Shirika la jirani limeomba sanamu za udongo kwa ajili ya Novemba. Tumewajibu kwamba kichuguu kiko nyuma ya shule, na watoto wetu watakwenda kuwafundisha watoto wao.